Nimewekwa Upande wa Marehemu

Jumanne, 3 Oktoba

...basi neno la kwanza tu likatushinda! Anda, yule binti wa shirika la mjini, kaja na kompyuta yake kaiweka pale jikoni kwetu tunapokatia kabichi — nikamwambia toa hapo, kuna maji — anasema hii ndiyo programu. Itakaa na majina yetu wote tunaowapikia wazee wa mlimani. Nani anapika lini, nani anapeleka chakula. Ila maneno yake ni ya kigeni, kwa hiyo tuyatoe tuweke ya kwetu, yoyote tunayopenda. Sawa. La kwanza: Wanaojitolea.

Profira, mwenzangu wa jikoni, akaangua kicheko. "Mwanangu, enzi za chama tulijitolea kila Jumapili kuvuna viazi. Asiyejitolea aliandikwa jina!"

Mimi nikasema nimeshajitolea mpaka mgongo ukapinda, sitaki tena. Tukaweka Majirani.

Mengine yakaenda. Penye muda anaopatikana mtu tukaweka Ng'ombe Ameshakamuliwa. Penye mtu wa kupigiwa simu ukipata shida tukaweka Mtoto Aliye Nje, maana nani hapa hana? Wa Profira yuko Italia. Wangu, Steluța, yuko Hispania, anamwogesha bibi mmoja wa kule. Miaka sita hajaja. Ndiye aliyenitumia simu hii, akanifundisha pa kubonyeza, nikiongea inaandika yenyewe. Kusoma sijui, kwa hiyo nikishasema imekaa humo, hata mimi siioni tena. Raha yake hiyo.

Nilikuwa nasema nini? Masanduku! Mwisho kulikuwa na masanduku mawili. La kwanza la wanaokuja kupika. Nikasema Walio Hai, kama tunavyoandikisha majina ya kuombewa kwenye karatasi ya kumpa kasisi kanisani. Wote wakakubali. La pili, anasema Anda, ni la wale ambao hawaji tena. Hawaji kwa nini? Wameacha tu, bibi.

Tukatazamana. Nani ameacha? Marehemu Catrina alikuja mpaka wiki aliyokufa, anamenya vitunguu amekaa kwenye kreti. Hapa mtu haachi, binti yangu. Hapa mtu anakufa.

"Basi tuliiteje?"

Marehemu, nikasema. Mimi! Kwa mdomo wangu huu huu. Anda akacheka, akaandika.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kasisi Neculai ametia sahihi. Maneno yameshakwenda Bukureshti, yamefungwa mpaka Januari. Anasema sasa kuna bima, na bima haina mchezo: jiko kubwa asiliguse mtu ambaye kompyuta haijamwandika siku hiyo. Hata mama kasisi? Hata mke wangu. Mke wake akamtazama vile... nikasema huyu leo atakula mkate mkavu.

Nikauliza jambo moja tu. Jumamosi ya wafu, tarehe nne Novemba — ile ngano ya kuwaombea, zamu ya kuichemsha ni ya nani? Anda akatafuta, akasema bibi Safta. Haya. Miaka thelathini na moja nimeichemsha ngano ile. Inaoshwa kwa maji tisa, si nane. Profira anaosha saba halafu anasema tisa, nimemhesabu.

Na nina sababu yangu. Marehemu mume wangu Gavril yupo kwenye karatasi, kasisi anamsoma. Lakini kale kachanga ketu ka kwanza hakakupata kubatizwa, kalikaa siku mbili tu, hakana jina, hakasomwi popote. Mimi nakataja wakati nakoroga. Pale tu, mwaka mara moja. Kasisi hajui. Profira labda anajua, ndiyo maana huwa anakwenda kuchota maji ambayo hatuyahitaji.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeanguka. Ngazi, mti wa plamu, matawi ya juu. Mguu umewekwa plasta mpaka gotini. Wiki nne! Plamu zenyewe zilikuwa na wadudu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Profira kaja na supu. Haina chumvi, nikainywa. Anasema jikoni mambo yote sawa, wanajisimamia. Nikamuuliza nani anakoroga ugali. Anakoroga yeye. Na haushiki chini? "Haushiki, shoga. Umeshangaa?"

Akaniambia nijihadhari, Anda kasema mtu akikaa wiki tatu bila kupangwa kazi, programu inamhamisha. Inamhamisha wapi? Akanyanyua mabega. Tukacheka mpaka plasta ikaniuma.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimekufa.

Saa mbili asubuhi, simu za watu wote wa jiko zimelia kwa pamoja. Yangu pia! Nikampa mpeleka barua anisomee. Akasoma, akavua kofia. Kisha akakumbuka kuwa mimi ndiye nimemfungulia mlango, akaivaa. Inasema: Safta Ghiuzan amehamishiwa upande wa Marehemu. Tunamshukuru kwa mchango wake.

Jikoni wao wamecheka tu. Lakini kuna Majirani wa vijiji vya kule chini wasionifahamu vizuri. Saa nne wamekuja wawili na mishumaa. Nikawakaribisha kahawa. Mmoja akakaa akaniangalia, akasema pole sana. Nikasema asante. Ningesema nini?

Jumapili, 29 Oktoba

Wamesahau kwamba ujumbe unakwenda na kwa Mtoto Aliye Nje, siku ya pili yake!

Steluța kapiga. Nikasema haloo. Haloo! Nikasikia mtu analia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo, tangu alipoumwa na bata bukini. "Mama? Ni wewe? Ni nani hapo?" Ni mimi, mwanangu. Ni jiko tu. Ni kompyuta. Ni mguu. Nikamweleza yote, na masanduku. Akalia tena, safari hii kwa hasira. Nani mpumbavu aliyechagua neno hilo? Nikasema hatujui, walikuwa wengi.

Kasisi baada ya ibada akaja mwenyewe kuniomba radhi. Nikamwambia kama ni radhi, niandikeni ngano. Akakuna ndevu. Kompyuta imekataa, mama Safta, haimpangi kazi aliye upande ule, mpaka Anda mwenyewe aje airekebishe. Kwa sasa imemwandika Profira.

Profira! Maji saba!

Jumanne, 31 Oktoba

Sasa sikiliza. Steluța kapiga tena, anaongea chinichini kama yuko kabatini. Na kweli alikuwa kabatini, la mashuka.

Ni hivi. Ule ujumbe ulipoingia alikuwa anamlisha yule bibi, akapiga kelele, na binti wa bibi akauona. Akamkumbatia. Wakala aliyempatia kazi akapigiwa. Wamempa likizo ya msiba siku tano! Miaka sita anaomba likizo, wanamwambia mwezi ujao, bibi amezidiwa, mwezi ujao. Sasa nimekufa, siku hiyo hiyo.

"Nimeshakata tiketi, mama. Ijumaa saa kumi na mbili jioni napanda ndege."

Nikasema lakini mimi niko hai. "Najua uko hai! Usiniambie, ninajua!" Wakala anataka karatasi. Ameshamwomba Anda ukurasa ule wa programu wenye jina langu na tarehe. Anda kampelekea, masikini, hakujua ni wa nini. Lakini wakala anaweza kuufungua na mwenyewe kwa simu yake, na karani wao atautazama Ijumaa ndipo agonge muhuri. Ukionyesha kwamba nimerudi, basi hakuna likizo, na kazi hakuna.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Kaa umekufa mpaka Ijumaa jioni."

Nikamwambia Ijumaa asubuhi ndiyo ngano inachemshwa.

"Ngano?" akasema. Basi. Hajui. Sikumwambia kamwe kwamba alitanguliwa na mwenzake. Ningemwambiaje, kabatini?

Nikasema haya, nimekufa. Lete chokoleti ile ya machungwa.

Jumatano, 1 Novemba

Sikulala vizuri. Nimekaa nimefikiri. Aliye hai atakuja, nitamshika mkono, nitaona kama kweli kanenepa kama anavyosema. Yule mwingine hajanenepa. Yule mwingine ana dakika zake kumi kwa mwaka, kwenye mvuke, na mimi nikimkosa nani atamkuta?

Nikajaribu kuchemsha ngano hapa nyumbani, kikombe kimoja. Haikuwa kitu. Ngano ya mtu mmoja ni uji.

Nikampigia kasisi, nikamwuliza kama mtu aliyekufa kwenye kompyuta tu anaweza kukoroga bila kuandikwa. Akauliza kama nimelewa. Nikasema bado. Akasema bima, mama Safta. Nikamwambia hiyo bima nayo iungue kidole.

Alhamisi, 2 Novemba

Anda kapiga kwa furaha. Amegundua! Kumbe kuna kitufe. Kesho anapanda basi la asubuhi aje anirudishe kwa Walio Hai mwenyewe, ana kwa ana, kwa sababu anajisikia vibaya, usiku halali. Nikamwambia usijisumbue, mwanangu, kuna mvua. Anasema hapana bibi, ni haki yako. Njoo Jumatatu, nikamwambia. Anasema Jumatatu ngano itakuwa imeshaliwa! Ana moyo mzuri huyu mtoto. Ningemkaba.

Sikuweza kumweleza mambo ya Steluța. Ni binti mkweli, anaandika kila kitu. Angeandika na hilo.

Profira naye kapita getini, hakuingia. Anasema ameshaiosha. Mara ngapi? "Tisa!" Akaenda zake. Baada ya hatua kumi akarudi. Akasema mara nane, ile ya tisa kaiacha mpaka kesho. Kaiacha ya nini? Ana mambo yake huyo.

Ijumaa, 3 Novemba

Saa nne sasa. Mvua. Nimevaa sketi nyeusi toka alfajiri, na kiatu kimoja, nimekaa kitandani kama mtu anayesubiri jeneza. Steluța katuma sauti: muhuri bado, karani anaingia saa tano ya kule, ambayo ni saa sita yetu. Akishagonga tu, mama, fufuka unavyotaka. Basi ni saa mbili za kungoja. Saa mbili ni nini? Lakini ngano haikai saa mbili. Ngano ikishapasuka imepasuka, inakorogwa wakati huo au haikorogwi.

Nilitaka nijifanye sipo. Halafu nikaona moshi wa bomba la jikoni, na —

Wameshafika. Wawili! Mwavuli mmoja. Nawaona dirishani. Anda ameifungua kompyuta kabisa, ameikumbatia kifuani kama mtoto, anapiga kelele: "Bibi Safta! Dakika moja tu! Useme ndiyo, nabonyeza, umefufuka!" Na Profira nyuma yake, aproni imemlowa, mwiko mkononi, anampiga kikumbo yule mtoto wa watu.

"Acha mambo ya kufufua! Safta! Inaanza kupasuka! Njoo hivyo hivyo! Nimemtuma kasisi dukani kununua peremende za kuchorea msalaba juu ya ngano, hatarudi sasa hivi!"

"Bibi Profira, haiwezekani, hajaandikwa —"

"Nani kakwambia umwandike? Wewe hujaona kitu! Safta! Inachemkia kwenye maji ya tisa, sijayamwaga, unasikia? Nimekuachia!"

Nasikia. Fimbo iko wapi? Hii hapa. Saa nne na dakika kumi. Naja! Profira, rudi upunguze moto, usisimame na mwiko wako getini! Na wewe Anda, mwanangu, ifunge hiyo kompyuta, ifunge kabisa, inanyeshewa —