Nani Akalie Kigoda cha Hamadi

Hamburg, Jumapili

Dada Zuhura mpendwa,

Shikamoo dada. Shikamoo nyingine mpelekee Mama chumbani kwake, umwambie Idi anaulizia ule mguu kama bado unavimba, na kama anakula. Na wewe je, unakula? Nakujua, unawapikia watu wa msiba masufuria kwa masufuria, kisha mwenyewe unashindia chai. Mimi mwili mzima, nashukuru Mungu. Moyo ndio haujakaa sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu sauti inanikatika kabla sijafika kwenye neno lenyewe, nawe ukinisikia hivyo unaanza, basi tunaishia kulia tu. Nitazipiga picha kurasa zote nikutumie, maana kwa posta hazitafika Ijumaa.

Umenipa kazi ngumu, dada. Ulisema wazee wamepanga vitu vya marehemu mdogo wetu vigawiwe siku ya arobaini, Ijumaa hii, na kwamba nguo zimepata wenyewe na baiskeli imepata mwenyewe, ila sanduku la mchezo bado. Rajabu, binamu yetu, analitaka ili aendeleze mchezo hapo hapo sebuleni kwako Area D. Wewe unataka lifungwe, likae kabatini kama Hamadi alivyoliacha. Ukaniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa ukicheza naye, utakalosema ndilo litakalokuwa." Tangu siku hiyo nakwenda nalo kazini na kurudi nalo.

Hukuwahi kucheza nasi hata mara moja. Ulikuwa unapita na sinia la chai ukituita vichaa. Kwa hiyo ngoja nikueleze kilichomo humo sandukuni kabla sijasema la kusema.

Ule mchezo hauna kioo wala rimoti. Watu mnakaa chini, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Msimulizi anasema mko wapi na mnaona nini, nawe unasema mtu wako anafanya nini. Pakiwa na wasiwasi, dadu zinaamua. Ni hivyo tu. Msimulizi wetu alikuwa Hamadi, na mji wote wa mchezo wake aliutoa Kolo, kwenye ile michoro ya mwambani aliyokuwa akitupeleka Bibi kuitazama, wale watu wembamba wekundu wenye vichwa vikubwa. Alisema jua likipungua wanashuka jiweni kutafuta maji, na sisi ndio hao. Dadu alizirusha kwenye ungo wa Mama, na ugomvi wa ungo huo unaukumbuka. Sauti za watu wake alizichota Kibaigwa, kwenye udalali wake wa mahindi. Dereva wa lori mwenye mafua, mama wa Kigogo anayebisha bei huku anacheka, wote walikuja kuwa majini na wafalme sebuleni kwako.

Na mkubwa wao alikuwa Babu Pengo. Huyo lazima ulimsikia ukiwa jikoni. Mzee mchoyo kupita kiasi, mwenye kisima pekee mjini, muongo, na usipomwamkia vizuri hakupi hata tone. Tulimchukia na tulimpenda. Hata nilipohamia huku, kila Jumapili mlipoiegemeza simu kwenye chupa ya chai, mimi nikiwa uso tu kwenye video, wa kwanza kunisalimu alikuwa Babu Pengo: "Huyu wa Ulaya bado hajapata mke?"

Huku nimecheza ya kila namna, na kichwani nina maoni mengi kuliko akili. Kuna chama cha wachezaji wanaokutana Jumamosi nyuma ya duka la vitabu. Watu wema, lakini kitabu chao cha sheria ni kinene kama godoro. Kuna jedwali la kuanguka kutoka juu ya mti, jedwali la kuanguka kutoka juu ya farasi. Mara ya kwanza tuliingia kwa mfalme mzee kumwomba njia. Wenzangu walikwenda moja kwa moja: njia iko wapi? Mimi nikasema mtu wangu anapiga goti, anaamkia, anauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Nikaendelea, maana mfalme alikuwa hajanijibu. Msimulizi wao akanitazama, akadhani namchelewesha mfalme ili mwenzangu aibe kitu. Akaita walinzi. Mtu wangu akafungwa gerezani kwa sababu ya adabu! Nilipomsimulia Hamadi alicheka mpaka nikasikia ungo umepinduka. Akasema, "Kaka, hao maji ya Babu Pengo wangeyasikia kwenye bomba."

Jumapili iliyofuata hakukuwa na mchezo, kwani Jumanne kabla yake ndipo ile pikipiki aliyopanda kutoka Kibaigwa ilipokutana na lori. Ulinipigia magharibi. Kesho yake baada ya adhuhuri mkamzika. Sikulaumu wala simlaumu mtu, maiti haingoji ndege. Lakini dada, watu wote wa mtaa wenu, mpaka mkaanga chipsi wa kona, walimbeba mdogo wangu, mimi nikiwa kwenye mashine ya kukata mikate. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Sasa nifike kwa Rajabu. Ile video uliyonitumia ya siku ya tatu niliitazama kantini, saa ya mapumziko. Rajabu kavaa kofia ya Hamadi na lile sweta lake la kijani, kakaa kwenye kigoda chake, ungo mapajani. "Haya! Mmekuja kisimani kwangu na midomo mikavu, shikamoo yangu iko wapi?" Msiba mzima ukaitikia. Naye: "Sijaisikia! Na wewe wa nyuma, umekuja kwa pilau tu, nakuona!" Nikamsikia Mama akisema, "Mshenzi huyu," na akicheka, anajifuta kwa kanga.

Najua, mtoto wa shangazi ni mtani, na mtani asipomwigiza marehemu amekosa adabu. Mwenyewe niliwahi kumwigiza babu yake Rajabu mzaa baba, msibani kwake, mpaka kikohozi, nikapewa kuku. Lakini utani wa msiba unataka uwe umekaa mkekani na wenzako, umelia tangu asubuhi mpaka macho yamevimba. Hapo mtani akikuchekesha anakuokoa. Mimi nilikuwa peke yangu mbele ya bakuli la supu. Mfanyakazi mwenzangu akachungulia simu, akaona watu wanacheka, akaniuliza kama ni harusi. Nikaigeuza simu kifudifudi. Nikamchukia Rajabu kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nikaona kaniibia mtu wangu, kamvaa. Tangu hapo anapiga, simu inaita mpaka inakata.

Kwa hiyo ulipouliza habari za sanduku, jibu langu la kwanza lilikuwa lako. Lifungwe. Funguo zitupwe hata bwawani Hombolo.

Jumamosi sikwenda chamani, wiki nzima nikajifungia na michezo ya kompyuta. Sina ugomvi nayo, mizuri ajabu, milima yake inakutoa pumzi. Ila humo ukifa unarudishwa pale ulipohifadhi, kama hukufa. Na watu wake wamekwisha kuandikiwa maneno. Kuna mzee mmoja analinda lango la kijiji. Ukimgusa anakuambia leo kuna upepo mzuri. Nilikipigania kijiji kile, nikashindwa, kikateketea chote, watoto wake mwenyewe wamelala njiani. Nikarudi langoni. Akaniambia leo kuna upepo mzuri. Nikamgusa tena na tena. Nilikuwa natokwa na machozi, dada, mtu mzima namlilia mzee wa kompyuta. Kwa sababu nilikuwa nimemfikiria Hamadi kabatini mwako, salama, hasemi jipya, hamjibu mtu.

Hamadi hakuwa hivyo. Alikuwa ukimwambia neno la kipuuzi kabisa analipokea, anakugeuzia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijua mimi kati ya michezo yote, na vitabu vyote vinene havijanibadilisha mawazo: wa kukujibu yupo au hayupo. Rajabu yupo. Hana sauti ya Hamadi na ana haraka, atatuharibia mengi, lakini atajibu.

Mpe sanduku, dada. Najua utanuna, na una haki. Najua ulitaka kitu kimoja humo ndani kibaki bila kuguswa. Basi lile sweta la kijani waombe wazee wakuachie, waambie ni mimi nimesema, na aliyepangiwa nitamtumia jingine jipya la huku, zito, asikie baridi kwa hiari yake. Lakini kigoda Rajabu akikalie. Mwambie na simu yake nitaipokea leo.

Nisalimie shemeji, na umwambie yale matairi aliyouliza huku nayo ni ghali. Nisalimie shangazi, mama yake Rajabu, aliyewapokea wageni wote siku zile na mgongo wake ule mbovu. Nisalimie Neema fundi cherehani, mchezaji mwenzetu. Ulisema hajaja tangu msiba, mtume mtu akamwite. Mama mshike mkono kwa niaba yangu, usimwambie kwamba nimelia, ingawa atajua.

Limebaki neno moja la Rajabu, msomee kama lilivyo.

Rajabu, binamu, nisamehe kwa simu. Kigoda ni chako, ila Babu Pengo simtaki kinywani mwako. Siku ya msiba ulikuwa mtani, ilikuwa halali yako. Baada ya arobaini, hapana. Mchezo wa kwanza utakapoanza, tukute amefariki usingizini, kitandani kwake, na kisima kipo wazi. Halafu tumzike. Hakuna atakayesoma dua, ule ni mchezo tu, dada asiwe na wasiwasi. Lakini usituharakishe. Tupitishe njia nzima, kutoka mlangoni kwake mpaka makaburini, na kila mtu aliyewahi kunywa maji yake awepo. Usinirushie dadu. Mtu wangu yuko mbele, upande wa kulia, jeneza liko begani kwake. Najua desturi ni kupokezana, watakuja wengi kutaka kunipokea.

Asinipokee mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Idi