Zamu ya Maji ya Mboghoni

Alhamisi, 5 Februari
Ratiba tena, mara ya sita. Walimu wastaafu wanane kutoka Machakos. Alhamisi ijayo alfajiri, gari kutoka Voi hadi Taveta. Kisha mitumbwi kwenye Mto Lumi, katikati ya mafunjo, mpaka unapoingia Ziwa Jipe. Ndege, viboko, labda tembo. Nimekagua jaketi za kuokoa maisha, dawa ya mbu, nani hali nyama.

Ni safari ya kwanza kuipanga peke yangu. Miezi yangu ya majaribio kama karani wa safari inaisha. Safari ikiharibika, Bwana Mwadime, mwenye kampuni, hatanithibitisha kazini, nami nitarudi Wundanyi kukaa na diploma yangu. Nimeandika hilo ili niache kulifikiria. Sijaacha.

Huo mto sijawahi kuuona. Ofisini hawajui.

Ijumaa, 6 Februari
Nimempigia Saidi, mwenye mitumbwi, kuhakikisha saa tu. Akacheka. "Alhamisi? Dada, mtapiga kasia kwenye tope."

Kumbe kiangazi hiki wakulima wa Mboghoni wanagawana maji kwa zamu. Siku nyingine hufunguliwa mitaro midogo. Alhamisi ni mtaro mkubwa, na mto kule chini unakauka hadi viboko wanabaki migongo wazi. Kiboko asiye na maji ana hasira.

Wiki iliyopita nilimuuliza Saidi maswali kumi na manne. La maji sikuuliza. Nani huuliza kama mto una maji? Yeye alidhani najua. Kule kila mtu anajua.

Wageni hawawezi kubadili siku. Ijumaa wanarudi kwao. Nimefikiria kunyamaza na kuomba mvua.

Jumatatu, 9 Februari
Nimemwambia Bwana Mwadime. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Wakesho, mto si wangu. Nenda ukaongee na wenyewe."

Nikaenda Mboghoni. Anayepanga zamu ni Mama Mkamburi, mkulima wa vitunguu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili. Nilimkuta na wenzake kwenye lango la mtaro. Nikaeleza.

"Kwa hivyo vitunguu vyangu vikae na kiu ndio kiboko aoge?"

Wakacheka wote. Mmoja akauliza kama kiboko amenipa barua. Hata mimi nilicheka.

Kisha wakaongea kwa makini. Mtaro mkubwa uje Jumatano, midogo ya Jumatano ihamie Alhamisi. Wenye zamu hizo walikuwepo, wakakubali. Lakini wana desturi: anayeomba kubadilisha zamu ndiye anayelinda lango siku hiyo, kutoka kufunguliwa hadi kufungwa. Lisipofungwa saa kumi na moja jioni, mto hautajaa kufikia asubuhi.

"Na hapa hakuna kuketi, mwanangu," akasema Mama Mkamburi.

Nilikubali kabla hofu haijanifikia. Ilinifikia njiani.

Jumatano, 11 Februari
Langoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Gambuti za kuazima, kubwa. Nimepanda na kushuka mtaro wote nikiziba matundu. Jembe nalijua, nimelelewa mlimani. Mchana nilisahau kuogopa. Maji yakiingia shambani yana sauti ndogo, tamu.

Saa kumi na robo, mistari sita ya Mama Mkamburi ilikuwa bado mikavu. Wa juu walichelewesha maji. Akataka lango likae wazi saa mbili zaidi. Likikaa wazi, nimekwisha. Likifungwa, nimemdhulumu mtu aliyenisaidia. Nikaingia shambani na jembe, nikaanza kufungulia maji mistari miwili kwa mpigo. Akaniangalia. Kisha akaja upande wa pili.

Saa kumi na moja ilifika. Mstari wa sita ulikuwa nusu.

"Funga, mama," nikasema. Sikujua kama ni mimi.

Alifunga mwenyewe. "Karani, una kichwa kigumu wewe."

Nusu iliyobaki nimeimwagia kwa ndoo. Hakuniomba. Hakunikataza.

Alhamisi, 12 Februari
Mto una maji. Naandika tena: mto una maji.

Saidi alinipa nafasi kwenye mtumbwi wa nyuma. Mafunjo pande zote, marefu kuliko mtu. Ndege mdiria akichupa majini kuvua samaki. Kisha viboko, masikio tu. Nilishika ukingo wa mtumbwi hadi vidole vikafa ganzi. Mwalimu mmoja, aliyefundisha sayansi maisha yake yote, alitokwa na machozi akasema ni jua. Hakuna aliyembishia. Tembo hawakuja. Hakuna aliyewaulizia.

Niliogopa muda wote. Nilifurahi muda wote. Sikujua vinaweza kukaa pamoja.

Jumapili, 15 Februari
Nyumbani, Wundanyi. Juzi Bwana Mwadime aliniwekea barua ya kazi mezani, pamoja na faili la kundi lingine, akaenda kunywa chai. Mama ameisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Kisha akanituma majani ya ng'ombe.

Viganja vina malengelenge, kwa hivyo nimekata taratibu. Ukungu ulikuwa unashuka. Nimerudi na mzigo kichwani, sina haraka.