Ganzi ya Mtamba

Kwako Dwight, huko ranchi,

Mtoto hajambo, amechukua masikio ya baba yako. Chakula cha hospitali hakina chumvi.

Walipomtoa mtoto, daktari aliuliza kama anichome ganzi kabla ya kunishona nilipochanika. Mimi natetemeka, meno yanagongana, ukanijibia wewe: “Aa, mke wangu ngangari huyu, ataweza tu!”

Ataweza! Mwezi uliopita mtamba wako alipopasuliwa atolewe ndama, ulimfokea daktari wa mifugo: “Wee, ngoja ganzi ikolee kwanza! Huoni anaumia?”

Nilipopata sauti niliiomba mwenyewe, wakanichoma. Ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Kesho mama ananichukua, nakwenda kwake Lewistown na mwanangu. Mtamba wako msalimie.

Mimi mkeo, ambaye naye huumia,
Corrine