Alama ya Kawetele kwenye Ramani Yako

Ndugu yangu Ambakisye,

Masika yamekwisha, nami leo nimeweza kufika kaburini kwako kwa miguu. Migomba iliyo kando yako imechipua. Mkeo Tusekile amehamia Bulyaga kwa binti yenu. Hajambo, ila chai hainywi tena kibarazani. Kibaraza hakipo.

Ramani yako ya Afrika ingali ukutani kwangu. Uliitundika hapo kwa kuwa redio ilikuwa yangu. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, ulitia alama: bluu kwa maafa ya mbinguni, nyekundu kwa maafa ya mikono ya watu. Nilikutania kwamba umekuwa karani wa misiba. Ukanijibu, "Tazama, Mwalimu, bluu haikai peke yake. Ukame ukikuta vita, ni njaa. Mvua ikikuta kilima kipara, ni makaburi."

Kisha ikaja biashara huria, na malori ya wanunuzi wa mbao. Walikitaka kichaka cha matambiko kilicho juu ya nyumba yako, ambacho baba zetu walikataza kisikatwe. Ulipinga mkutanoni. Mimi, mzee wa kanisa, nilisimama nikasema kuwa kuogopa miti ni ushenzi. Nikapigiwa makofi. Wewe ulicheka tu: "Mwalimu, miti haina dhehebu. Inashika udongo."

Haukusalia hata mti mmoja. Masika ya pili kilima kikashuka. Ulimtoa Tusekile, ukarudi kumfuata mbuzi.

Mbuzi, Ambakisye!

Mazikoni nilisema ni mapenzi ya Mungu, na watu wakaitika amina. Nilisema uongo mbele ya jeneza lako.

Jana nilishika penseli ya bluu. Kijiji chetu, Kawetele, hakimo katika ramani ile. Nilikitafuta kwa kidole, chini kidogo ya Mbeya. Nikaiweka bluu mezani, nikachukua nyekundu. Nikatia alama, ikawa mbaya. Ungeliniambia nirudie.

Jumapili, baada ya ibada, nitasimama mbele ya watu walewale walionipigia makofi. Nitawaambia kuwa maneno yangu ndiyo yaliyokiangusha kilima. Kisha nitapanda miti pale juu. Wasiponifuata, nitapanda peke yangu. Asubuhi magoti bado yananikubali.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunionya, nami sikusikia. Pumzika, ndugu yangu. Kilima sasa ni zamu yangu.

Mwalimu wako