Gamu Ndogo ya Re

Uvira, Jumanne jioni

Baba Neema,

Kumbe ilikuwa sauti moja tu. Jumapili tunatoa matanga yako, na nimeomba kwaya waniachie nipige kwenye piano ya umeme ya kanisa ule wimbo uliokuwa ukiuimba umefumba mdomo, ukinyoa ndevu. Lakini unaanzia sauti ya re, na gamu ndogo, ile ngazi ya sauti za huzuni, ninayoijua ni ya la peke yake, kwa sababu yote iko kwenye vitufe vyeupe. Kwa nyimbo nyingine ninabonyeza kile kifungo cha kuhamisha sauti, niendelee na vyeupe tu, kama wapigaji wote hapa mtaani Kasenga.

Leo mwalimu wa kwaya amekikataza. "Mama Neema, anza kwa re. Jenga weye mwenyewe."

Nikapanda kutoka re hadi re, vyeupe tupu. Akacheka. "Hiyo ni nyumba ya la, umeiweka kwa kiwanja cha re. Pima hatua."

Nikapima kutoka re kwa hatua zilezile za la, nusu ikiwa kitufe cha jirani kabisa: nzima, nusu, nzima, nzima, kisha nusu. Nusu hiyo haikufika kwenye si, kile cheupe kinachofuata la. Iliishia kwenye kitufe cheusi kilicho kabla yake.

Nikakibonyeza, na hapo nikasikia pale sauti yako ilipokuwa inashuka. Siku zote nilidhani ni uchovu. Nani alikufundisha, weye ambaye hukuwahi kugusa piano? Nimerudi njia nzima nikijiuliza.

Vidole bado vinasitasita, na ninaogopa kukosea mbele ya mama yako. Jumapili, nikikikaribia kile cheusi, unikumbuke.