Sindano ya Kihara

Jumapili, 13 Machi 1983
Kanisani wamenisifu tena. Ati nimenona, ati ndoa imenikubali! Hawajui ni tembe. Uso umefura kama mandazi. Daktari alisema mwili wangu mwenyewe ndio unapigana na maini yangu — tembe zinautuliza, nisiache hata siku moja. Siachi. Lakini nguvu sina, hata ndoo ya maji inanishinda.

Dada yangu Wangechi hana imani na tembe. Kwake dawa ni sindano, basi. Leo amenivuta mpaka kwa Kihara, yule mzee aliyekuwa dresa, mfunga vidonda hospitali, siku hizi anadunga watu nyumbani. Tulikuta laini ndefu. Wangechi kwanza, kisha mimi. Katikati Kihara akaisuuza sindano ile ile kwa kikombe cha maji moto. Imeuma!

Jumanne, 7 Juni
Wangechi macho ni njano! Anatapika. Yeye, ambaye hajawahi kulala mchana.

Jumapili, 19 Juni
Sasa ni mimi. Theuri amenifungua jicho mbele ya dirisha, akafoka: uliacha dawa! Sijaacha, mume wangu, haki ya Mungu. Hakuniamini. Nimelia mpaka maharagwe ya njahi yakaungua.

Ijumaa, 8 Julai
Nyeri, hospitali. Majibu ya damu yamerudi kutoka Nairobi. Si ule ugonjwa wangu wa zamani. Ni mwingine, juu ya ule! Hepataitisi, ya kuambukizwa, inapitia damu. Daktari akauliza kama nimedungwa mahali. Theuri alikuwa nje kwa korido. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Nikiendelea na tembe, huu mpya unanenepa. Nikiacha, ule wa zamani unaamka. Basi nifanye nini, daktari? Ataandikia mkubwa wake. Kwa sasa nimeze nusu. Nusu! Akanionya sana: sindano iliyonigusa isiguse mtu mwingine.

Wangechi naye anapona, ameanza kula githeri. Maini yake ni mazima. Sitamwambia hepataitisi yetu ilitoka kwa sindano ya Kihara. Itamuua kwa huzuni — ni yeye alinipeleka.

Jumamosi, 23 Julai
Tumbo limejaa maji. Viatu ananifungia Theuri. Mkubwa wa daktari hajajibu. Nimechoka, Ngai, Mungu wangu. Sioni mbele.

Wangechi amekuja asubuhi, macho safi, anacheka. Ati mwezi jana alirudi kwa Kihara akadungwa tena, ndiyo maana akapona! Ati hospitali wananimaliza. Na amekuja naye! Mzee yuko jikoni, maji iko kwa moto. Theuri amekubali. Wacera, kitinda mimba wa Wangechi, ana kikohozi, naye atadungwa hapa hapa. Mimi kwanza kwa vile niko mgonjwa zaidi, halafu mtoto.

Sindano ni ile moja.

Nimemwita Wangechi chumbani nimwambie. Ameingia, akanikumbatia kwa nguvu, akasema ningemsikiza mapema hii maneno ingekuwa imeisha. Nimemwambia anipe dakika, nakuja.

Niseme. Lazima niseme. Mungu wangu, nianzie wapi?

Namsikia anamvua mtoto sweta. Anamwambia asiogope, atazame vile mimi, tata yake, dada ya mamake, sitalia —