Kwa Bi Mkubwa, Kuhusu Kuku Wanaokula Mayai Yao

Bi Mkubwa wangu mpendwa,

Kuku wameanza tena kula mayai. Najua ilifaa nianze na salamu, nikuulize macho yanaendeleaje na huko Jinja mnaishije, lakini wewe mwenyewe hukuwa na subira na salamu ndefu. Jana asubuhi nilikuta maganda yametapakaa na ute umegandia kwenye majani makavu ya viota, na kuku wote wamesimama wakinitazama kama watu waliokutwa wakicheka msibani.

Jirani ananiambia nichinje wote nianze upya. Binti yangu Zuhura anasema nitafute mtu wa kunisaidia, kwa kuwa nikishaondoka na trei zangu kwenda soko la Kalerwe, banda linabaki bila mtu mpaka nirudi. Wote wanasema kweli. Nimewaitikia wote "kale, kale", sawa, sawa, na sijafanya lolote. Nimekaa kizingitini kwangu nikiutazama mlango wako uliofungwa ng'ambo ya banda, hamu ya kukuona ikanishika, nikatafuta kalamu.

Unakumbuka siku bwana wetu, Mungu amrehemu, alipowaleta wale kuku wa kwanza? Mimi nilikuwa bado bibi harusi hapa Lubaga, hina haijafutika vizuri kwenye kucha. Yeye alikuwa mtu wa haki mpaka inakera. Ukipata leso mpya, nami napata ya kitambaa kile kile. Akileta nyama, anaipima kwa jicho mpaka inapoa. Basi akajenga banda katikati ya uwanja, kati ya mlango wako na wangu, akatuita wote wawili akasema, "Kuku hawa ni wenu. Mwenye zamu ananihudumia mimi, asiye na zamu anawahudumia kuku." Alingoja tucheke. Hatukucheka, maana wakati huo tulikuwa hatuna maneno zaidi ya salamu.

Na tungekuwa nayo wapi? Wewe ulikuwa binti wa Waswahili wa hapa mjini, watu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki, na watoto wa mtaa mzima walisoma Kurani barazani kwako. Mimi ni mtoto wa askari magereza, baba yangu alitoka Arua, nikakulia kambini Luzira. Kiswahili changu kilikuwa cha kambini. Kila nikifungua mdomo, ulinitazama kama mtu aliyemwaga mchuzi kwenye mkeka wako. Nami nilikuwa mkaidi, nikawa naongea zaidi.

Halafu mayai yakaanza kupungua. Leo yanajaa kapu, keshokutwa hakuna kitu. Moyoni nikasema, huyu mama ana mkono mrefu. Nawe, kama ulivyokuja kuniambia baadaye bila haya, ulikuwa ukisema mtoto wa kambini haachi kitu kilicholala.

Ile siku ya nyuma ya banda sitaisahau. Nilikuwa nimeapa kukukamata. Adhuhuri, jua la utosi, nikazunguka kupitia kwenye migomba nikinyata, na nilipopinda kona nikakukuta wewe umechuchumaa hapo, ushungi umeufunga kiunoni, ndala moja mkononi.

"Wewe nafanya nini hapa?" nikakuuliza.

"Na wewe je?"

"Mimi nangoja mwizi ya mayai."

"Hata mimi namngoja," ukasema, ukinitazama kuanzia miguuni. "Naona ameshafika."

Sijui tungeishia wapi kama yule kuku mwekundu asingelia ndani. Tukachungulia wote kwenye wavu, shavu lako karibu na langu. Alikuwa ndiyo kwanza ametaga. Akasimama, akageuka, akalitazama yai lake kwa jicho moja, kisha akaligonga. Ganda likapasuka na wenzake wote wakaja mbio, mabawa wazi, kana kwamba wameitwa kwa kengele.

"Subhanallah," ukanong'ona. "Anamla mwanawe!"

"Banange!" nikapiga kelele mimi, na ndala ikakuponyoka.

Nani alianza kucheka? Wewe unasema ni mimi. Ninachojua ni kwamba tulivunjika mbavu mpaka tukakaa chini kwenye vumbi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona una mwanya.

Hapo chini ndipo tulipoulizana lile ambalo tulipaswa kuulizana tangu mwanzo: leo banda ni la nani? Nikasema lako. Ukasema langu. Kwako, kama alivyokufundisha baba yako, siku ilianza magharibi. Kwangu siku ilianza asubuhi, tarumbeta ya kambi ilipolia. Basi bwana akiwa anahama kwako kuja kwangu jioni, mchana wa siku hiyo wewe ulihesabu bado ana zamu kwako, mimi nikahesabu zamu yangu imeshaanza, na hakuna aliyekanyaga bandani. Mayai yanashinda humo kutwa, kuku wanayapanda, moja linavunjika, na kuku akishaonja yai amejifunza. Akihama kwangu kwenda kwako, tunaingia wote wawili, na anayechelewa anakuta viota vitupu na kumlaani mwenzake. Huo ndio ulikuwa wizi wetu. Bwana hatukumwambia kamwe, na ni siri ya kwanza tuliyokuwa nayo pamoja.

Kesho yake tulikwenda wote wawili Kalerwe, kwa yule kijana aliyekuwa akiuza chakula cha kuku. Ulimpelekea ganda limefungwa kwenye karatasi kama dawa. Alilibonyeza kwa kidole likakunjika.

"Nyabo, kuku yenu hapana shetani," akasema. "Nakosa chokaa tu. Changanya hii ganda ya konokono ya ziwa, mimi nasaga vizuri. Na mayai toa mara nyingi, hapana ngoja jioni. Sasa saa sita nani iko nyumbani?"

"Sisi tupo," ukamjibu kabla sijafungua mdomo.

Nilibeba ule mfuko wa konokono waliosagwa mpaka nyumbani na sikuhisi uzito wake. Tangu niolewe hukuwahi kunihesabu pamoja nawe kwenye neno moja.

Na tulihangaika! Tulitundika magunia mbele ya viota ili kuwe na giza, kuku asilione vizuri yai lake. Tulitoboa yai, tukalimimina, tukalijaza pilipili ya kusaga mpaka sisi wenyewe tukapiga chafya, tukamtegea yule mwekundu. Alilimaliza lote, akafuta mdomo kwenye mchanga, akasimama kungoja jingine. "Huyu asili yake pwani," ulisema. Tulileta mawe meupe laini kutoka ufukweni Luzira, tukayalaza viotani, ili wadonoe waumie waache. Wengine waliacha kweli. Kisha tukamkamata kuku mweupe ana kiini kilichokauka mdomoni, tukamhukumu, tukamchinja, na kesho yake mayai yakaliwa vilevile. Kumbe maskini alikuwa mla makombo. Bwana alimla kwa wali akilamba vidole, akatuambia, "Endeleeni na uchunguzi, wake zangu."

Yule mwekundu nilitaka afuate siku hiyohiyo. Ulikataa. Ulisema anakula kwa sababu kuna anachokosa, tumpe kwanza, lawama baadaye. Tukamtenga kwenye kizimba kidogo chenye sakafu iliyoinama ili yai libingirie nje kabla hajageuka. Alitulia mwezi mzima. Nikakusifu mtaa mzima. Tulipomrudisha kwa wenzake, akala yai la kwanza aliloliona, na Idi ilipofika ulimchinjisha wewe mwenyewe bila kunitazama usoni. Nilicheka peke yangu jikoni. Ulinisikia, najua.

Wale waliobaki walipona. Dawa kubwa ilikuwa kuokota mapema, asubuhi, saa sita na alasiri, na kwa ajili hiyo ilitubidi tusemezane kila siku, zamu au si zamu. Ile ya saa sita ikawa na chai. Chai ikawa na maneno. Hapo ndipo uliponinyoosha ulimi, neno kwa neno, mpaka leo Zuhura ananicheka kwamba naandika kama shehe. Hapo ndipo nilipokuambia mambo ya mama yangu ambayo sikumwambia hata bwana. Nilipojifungua na homa ikanishika, ni wewe uliyemlea Zuhura siku zile, na mpaka leo akiumwa anataka uji wako, wangu anausukuma. Macho yako yalipoanza kufifia, ulianza kuokota kwa kupapasa, ukilipitisha kila yai kati ya vidole, nami nikawa naacha viota vya chini kwa ajili yako kwa sababu ulikuwa ukigomba kila ukijua unasaidiwa.

Bwana alipofariki, tulikaa eda kila mmoja nyumbani kwake, mlango kwa mlango, tukizungumza juu ya migongo ya kuku. Watu walikuja kutupa pole, wewe kwanza kisha mimi, na wengine walininong'oneza kwamba sasa mambo ya kugawana uwanja yatakuwa magumu, nijiandae. Nilishangaa wanaongelea nani.

Halafu akaja mwanao Hamisi na gari. Alikuja kwa heshima, alinipigia goti. Akasema, "Mama mdogo, baba hayupo tena. Sasa mama atakaa hapa na nani?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, na birika mkononi.

Nilimimina chai. Ndicho nilichofanya. Wewe ulikuwa chumbani unafunga mfuko wako, hukusema neno, nami sikuingia. Nilijiambia mtoto ana haki na mama yake, mimi ni nani? Nilipokuja Jinja kukutembelea, tulikaa sebuleni, televisheni inanguruma, mkwe wako analeta soda, wajukuu wanapita. Ulinishika mkono muda wote. Uliniuliza kuku wanatagaje. Nikasema wanataga vizuri, nikarudi Kampala nikiwa sijasema lolote nililoliendea.

Sasa sikia. Sikuandikii kwa sababu ya kuku. Kuku nawaweza. Nimeshatundika magunia mapya, konokono nimenunua, na leo nimeokota mara nne kwa sababu Kalerwe sikwenda. Mwanamke mmoja tunayeuza naye sokoni aliniona juzi nafuta machozi, akaniuliza kisa. Nilipomwambia akashika kiuno. "Wewe, Mungu natolea wewe mwenzako bure kabisa, sasa nalia nini? Mimi naomba kila siku mke mwenza yangu naenda, yeye hapana enda!" Nilicheka naye, kisha nikalia zaidi.

Kweli sijui jina la kitu kilichobaki kati yetu. Aliyetuunganisha yuko kaburini. Sikuzaliwa nawe, sikukuzaa, hukunizaa. Wanawake wawili waliogawana mume mmoja, mume akiondoka, watu wanaona hesabu imekwisha. Lakini mimi miaka hii yote nilikula nawe, niliumwa nawe, nilizeeka nawe. Bwana alikuwa kwangu usiku mmoja na kwako mwingine. Wewe nilikuwa nawe kila siku. Nakupenda, Bi Mkubwa. Nimeliandika, maana maneno haya kwa kinywa nisingeyaweza.

Kuna jambo moja linaninyima raha. Watoto waliamua. Mimi nikanyamaza. Nawe ukafunga mfuko. Inawezekana ulitaka kwenda, umechoka na uwanja ule uliojaa kumbukumbu, na kwa mwanao unapata raha unayostahili. Ikiwa ndivyo, nitafurahi, na nitakuja kila mwisho wa mwezi na mayai, sitanuna. Lakini inawezekana pia ulikaa chumbani muda wote ule ukingoja mtu mmoja aje akuulize, na hakuja mtu.

Simu sikutaka, maana simu yako huwa mfukoni mwa Hamisi. Na barua hii, kwa macho yako yalivyo, najua pia ni yeye anayekusomea. Nimefurahi iwe hivyo.

Hamisi, mwanangu, asante kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka. Sikulaumu. Ulimpenda mama yako ukamchukua, hata mimi ningefanya vilevile. Ninakuomba jambo dogo. Zima televisheni. Sentensi inayofuata isome kwa sauti yako mwenyewe, polepole, kisha nyamaza umngoje, hata akichelewa kujibu.

Mama, unataka kukaa wapi?

Ni mimi,
mke mwenzio